Mguu wa Kushoto wa Mama Greta

Nyinyi wasichana mliomaliza kozi mwaka huu na kuajiriwa kwenye spa za hoteli za Voi na kule mbugani, mjukuu wangu Mghoi ameniambia mnanitaka niwaandikie machache juu ya kazi ya kukanda watu. Ati niwape siri ya starehe. Jameni! Mimi nimestarehesha watu miaka ishirini na mitatu chini ya mlima wa Kasigau, na katika miaka hiyo yote sikumbuki siku niliyoingia kwenye kile kibanda cha kukandia bila hofu. Mgeni analala, anafumba macho, anakoroma. Mimi nimesimama juu yake naogopa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kama kuna mwalimu aliyewaambia vingine, mwambieni Mkamburi wa Rukanga amekataa.

Kukanda nilifunzwa na nyanya yangu Wakio, mama yake baba. Huyo hakukanda watalii. Alikanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, kwa maji ya moto na mafuta ya mbarika, yale mazito yenye kunuka mpaka mbuzi wanageuza uso. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya baba yangu. Mimi nilimbebea karai. Kila alipoingia kwa mzazi, kabla maji hayajawekwa motoni na kabla chupa ya mafuta haijafunguliwa, alifanya jambo moja. Alimlaza yule mama, akamfunua miguu yote miwili, akaiwekea mgongo wa mkono. Si kiganja. Kiganja cha mtu wa jembe kimeota sugu, hakisikii kitu. Mgongo wa mkono kwenye shavu la mguu huu, kisha shavu la mguu ule, kisha anarudia. Akiridhika ndipo ananigeukia na kusema, "Haya, teleka maji."

Mara moja tu nilimwona akikataa. Alipima, akapima tena, halafu akaiweka chupa kando. Akawaambia watu wa nyumba ile wamtengenezee mzazi machela wampeleke kwa daktari, na asikanyage chini hata hatua moja. Njiani kurudi akanipa somo lote kwa maneno machache.

"Mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa joto, ukizidi kwa kuvimba, funga chupa. Usikande, usisugue, hata akikulilia."

"Kwa nini, nyanya?"

"Kwa sababu nimesema."

Nyanya zenu wa siku hizi wanawabembeleza. Wangu hakuwa na nafasi hiyo, alikuwa na shamba la kupalilia.

Kambi ya watalii ilifunguliwa pale kwetu mimi nikiwa tayari na watoto wawili. Hema sita, jiko, na kile kibanda changu cha makuti chenye meza ndefu. Mwenyewe alikuwa mama wa kizungu tuliyemwita Madam tu. Aliwauzia wageni siku moja ya kutembea na kukandwa, na walikuja, nawaambia, kutoka Ulaya huko walikuja. Asubuhi na mapema wanapewa chai, wanapanda mlima mpaka kule juu kwenye msitu wa ukungu, saa tano wameshuka, wanakula, wanaoga, wanalala kidogo, na saa nane wanaanza kuja kwangu mmoja mmoja wakiburuta miguu.

Aliyewapandisha mlima alikuwa Otieno, ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva wa kambi. Baba yake alitoka kwao magharibi akafanya kazi ya reli, kwa hiyo Otieno alizaliwa na kukulia Voi kwenye kota za reli, na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliwaambia wageni, "Mlima huu haujawahi kumla mtu. Unamtafuna tu, halafu unamtema kwa Mkamburi." Mimi alinitania kila siku ati nalipwa kwa kufinya watu, jambo ambalo kwao mtu akilifanya anapelekwa kwa chifu.

Hofu yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya kuchekesha. Nilipoanza, sikujua kipimo cha mafuta. Nilimmwagia bwana mmoja mnene kama nyanya alivyowamwagia wazazi, na nilipomwambia ageuke, aliteleza mezani kama kipande cha sabuni, akaenda chini tii! Nikajua nimeua mtu. Nilipiga magoti pale nikiomba, kumbe yule bwana amelala sakafuni anacheka mpaka machozi. Kwa hiyo sikilizeni, mafuta ni kijiko kimoja cha mezani kwa kila mguu, na mimineni kwenye mkono wenu kwanza, kamwe msimimine kwenye mwili wa mtu. Haya, hilo limepita. Sasa nije kwenye lile ambalo halikuchekesha.

Katikati ya miaka ya sabini, Madam alienda kwao kwa likizo, akarudi na taulo nyeupe dazeni mbili na kitabu cha picha. Tukaanza utaratibu mpya. Kwanza unachovya taulo kwenye maji ya moto, unaikamua, unaizungushia miguu ya mgeni kutoka kwenye vifundo mpaka magotini. Dakika ishirini. Halafu unafungua, unapaka mafuta, unakanda kwenda juu, kuelekea moyoni. Wageni waliupenda sana. Nami niliupenda, mbona niwafiche? Niliona nimekuwa mtaalamu.

Ila siku moja Madam aliingia akanikuta nimeweka mgongo wa mkono kwenye miguu ya mgeni, napima kabla ya taulo. Alinivuta nje. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni.

"Mkamburi, hapana shika-shika mgeni kama kuku ya soko. Taulo kwanza. Kitabu nasema taulo kwanza."

Mngependa niseme kwamba alinilazimisha, lakini hapana. Hakunikataza mara ya pili wala hakunitisha kwa kazi. Mimi mwenyewe niliona aibu. Nilijiona mshamba na mambo yangu ya wazazi na mbarika. Niliacha kupima, na kwa muda wa kama miaka miwili hakuna baya lililotokea, nikasahau kabisa kwamba niliwahi kupima.

Mama Greta alikuja wakati wa kiangazi. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, peke yake. Kiswahili alijifunza kwenye kitabu kabla hajapanda ndege, na alikisema kwa unyoofu wa ajabu, kila neno mahali pake, hata sisi wa Rukanga tukawa tunajikaza kuongea naye. Alikuwa ameketi ndegeni usiku kucha, kisha akaketi kwenye gari kutoka Nairobi mpaka kwetu kutwa nzima, na kesho yake asubuhi akapanda mlima na Otieno. Aliishia nusu.

Saa nane akaja kibandani akichechemea, ameshika kofia mkononi, anatabasamu.

"Bi Mkamburi, mguu wangu wa kushoto unanung'unika tangu jana."

"Pole, Mama. Mlima huu nani haumnung'unishi?"

Tukacheka wote wawili. Nimekirudia kile kicheko kichwani mara ngapi sijui. Alikuwa amesema "tangu jana". Jana hakuwa amepanda mlima wowote, jana alikuwa ameketi garini. Aliniambia ugonjwa wake kwa mdomo wake, kwa Kiswahili safi, na mimi nikamfanyia mzaha.

Nikamlaza, nikamfunga taulo za moto miguu yote, zikakaa dakika zake ishirini. Nilipozifungua, miguu yote miwili ilikuwa myekundu na ya moto, kama inavyokuwa siku zote. Nikaanza na wa kulia. Safi, laini, nyama inaachia chini ya vidole. Nikaenda wa kushoto. Kwenye shavu la mguu, ndani, vidole gumba vyangu vikakutana na kitu kigumu kama kamba. Nikadhani ni msuli umekaza. Nikasukuma kwenda juu, mara ya kwanza. Nikasukuma mara ya pili, kwa nguvu zaidi, maana nilitaka kuufungua. Mara ya tatu Mama Greta akavuta pumzi kwa meno na kushika kingo za meza.

Mikono yangu ilitoka yenyewe. Naapa sikuiamrisha. Nilisimama pale nimeiinua juu kama mtu aliyeguswa na moto, na sauti ya nyanya Wakio ikaja sikioni wazi kabisa. Funga chupa.

Lakini ningejuaje? Hebu fikirini shida yangu. Miguu yote ilikuwa ya moto kwa sababu mimi mwenyewe niliipasha moto. Nilikuwa nimeweka pazia mbele ya kile nilichotakiwa kukiona.

"Kuna nini?" akauliza Mama Greta.

"Hakuna, Mama. Tulia tu, usisogeze miguu. Nangoja ipoe."

Nikaiacha wazi, nikaipepea kwa leso yangu. Sikuwa na saa, ya Madam ilikuwa ofisini, kwa hiyo nikapima muda kwa Baba Yetu. Nasema Baba Yetu moja kimoyomoyo, polepole, kisha naweka mgongo wa mkono. Wa kulia, moto. Wa kushoto, moto. Baba Yetu ya pili. Nje Otieno alikuwa anaosha Landrova akipiga mluzi, na makaa yalikuwa yanalia jikoni. Ya tatu. Ya nne. Kufika ya nne mguu wa kulia ulikuwa umeanza kupoa, nikaomba Mungu, nikasema wa kushoto nao unakuja. Ya tano, wa kulia umepoa zaidi. Ya saba, wa kulia ulikuwa baridi kama mguu wa mtu yeyote aliyelala kivulini.

Wa kushoto ulikuwa bado moto. Sasa niliona pia kwamba ulikuwa mnene kuliko mwenzake, na ngozi yake inang'aa. Nikafunga chupa. Kizibo kiliniponyoka mara mbili.

Nilimkimbilia Madam ofisini. Nikamwambia mguu wa mgeni ni mbaya, apelekwe hospitali Voi sasa hivi, akiwa amelazwa. Madam akashangaa. Mgeni si alipanda mlima asubuhi? Mgeni si amekula vizuri? Akaja kibandani, akautazama mguu, akasema ni uchovu tu, nimalizie kazi. Na Mama Greta mwenyewe, maskini, akasema hataki kusumbua watu, amekuja kupumzika, nimkande tu taratibu.

"Siwezi, Mama," nikasema. "Hata mkinifukuza leo, siwezi."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Otieno akaacha kupiga mluzi. Madam alinitazama usoni, na hakubishana tena. Alimwita Otieno alete gari mlangoni.

Sasa sikilizeni nilichomficha. Nilimwambia Madam mguu una joto. Sikumwambia nimeusukuma. Nilijua hilo moja lingenimaliza, na watoto wangu walikuwa shuleni kwa kazi ile.

Tulimlaza Mama Greta kwenye kiti cha nyuma juu ya mito, mimi nikiwa chini sakafuni nimeukumbatia ule mguu usirukeruke. Barabara ya kutoka kwetu mpaka Maungu, inapokutana na barabara kuu ya Voi, enzi hizo ilikuwa mawimbi matupu. Kila gari liliporuka, niliuinua kwa mikono miwili. Otieno, mtu wa maneno elfu, hakusema neno hata moja. Aliendesha kama aliyebeba mayai, jasho likimtiririka shingoni. Karibu na Maungu Mama Greta akaanza kukohoa. Akaweka mkono kifuani.

"Vumbi," akasema. "Ni vumbi la barabara."

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Ni vumbi." Nilitaka sana liwe vumbi.

Hospitalini Voi tulipokewa na daktari kijana, mpole. Alimtazama mguu, akamsikiliza kifua. Akauliza kikohozi kimeanza lini, na Mama Greta akasema ni vumbi, halina neno. Kisha daktari akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayekanda? Umemkanda huo mguu?"

"Hapana, daktari. Nilimfunga taulo tu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Ulimi ulijibu haraka kuliko mimi. Daktari akaandika. Nikasikia akimwambia sista kwamba mgonjwa alazwe atulie, na gari la kwenda hospitali kubwa Mombasa litamchukua kesho asubuhi. Wakaniambia nitoke nje.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Wasichana wangu, nimewahi kuogopa njaa, nimewahi kuogopa ndovu akiwa shambani kwangu, lakini hofu ya benchi lile sijaipata tena. Nilikuwa na hofu mbili zinavutana. Nikisema, nimekwisha: polisi, kazi, jina. Nisiposema, yule mama ndani anakohoa, na daktari anaamini ni vumbi kwa sababu mimi nimemwambia hakuna mkono uliougusa mguu ule. Kikohozi kikasikika tena mlangoni. Hakikuwa na vumbi lolote, tulikuwa ndani ya nyumba karibu nusu saa.

Nikaingia bila kubisha.

"Daktari, nimekudanganya. Nilimkanda. Nilimsukuma mara tatu, kwenda juu, hapa." Nikaonyesha kwenye mguu wangu mwenyewe. "Na kikohozi kilianza baadaye, njiani. Hakuwa nacho kambini."

Mama Greta alikuwa macho, akanitazama. Daktari aliweka kalamu chini. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alimwambia sista kwa sauti ya chini gari litoke sasa, si kesho, na alete sindano. Kabla hawajampakia mgonjwa akanieleza kwa kifupi: kuna damu iliyoganda ndani ya mguu, na kipande kikisukumwa kinaweza kupanda mpaka mapafuni. Nikamwuliza kama kimepanda. Akasema huenda kimepanda kidogo, na ndiyo sababu hawezi kungoja.

Gari likaondoka naye. Mimi na Otieno tukarudi. Tulipofika Maungu ndipo alipofungua mdomo.

"Mkamburi, ungenyamaza mimi ningenyamaza. Ningesema sikuona kitu."

"Najua," nikamwambia. Nikalia mpaka nyumbani.

Siku ya pili nilipanda kwa nyanya Wakio. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho hafifu, anachambua maharagwe kwa kupapasa. Nilimweleza yote nikingoja aniambie Mungu ni mwema. Akaendelea na maharagwe yake.

"Ulipima?"

"Baadaye, nyanya. Nilipima baadaye."

Halafu akasema, "Wewe ulidhani mimi niliambiwa na nani kuhusu huo mguu?"

Sikumwelewa.

"Hakuna aliyenifunza. Alikuwa mke wa kaka yangu, amejifungua mtoto wake wa pili. Aliniambia mguu unamuuma, nikaukanda asubuhi, nikaukanda jioni. Aliinuka kuchukua mtoto, akasema pumzi, pumzi, akaanguka. Nilikuwa na umri wako." Akatupa harage bovu pembeni. "Kaka yangu alikufa hajui. Hakuna mtu aliyewahi kujua, ila wewe sasa."

Miaka yote ile nilidhani ni ukali. Kumbe nyanya yangu aliingia kila nyumba ya mzazi akiwa na hofu, akaweka mgongo wa mkono akiwa na hofu, na "kwa sababu nimesema" ndilo jibu pekee aliloweza kulitoa mdomoni. Nilishuka mlima nikiwa baridi mwili mzima. Sasa nilijua kwa hakika kwamba mtu hufa.

Wiki nne hivi zikapita. Madam hakunifukuza. Nilimweleza ukweli wote, akasema tufunge kibanda kwa muda. Nikawa nafua shuka. Kila gari lililoingia kambini niliona ni polisi. Halafu siku moja Madam akapata ujumbe: Mama Greta ametoka hospitali Mombasa, anapita Voi Alhamisi asubuhi kwenda Nairobi kurudi kwao, na anataka nimngojee kwenye kituo cha petroli cha barabara kuu.

Yu hai! Nilishukuru, nikashukuru, na dakika ileile hofu nyingine ikaingia. Anataka nini na mimi? Nilivaa gauni la kanisani. Kwenye kikapu niliweka leso mbili, sabuni na mswaki. Otieno akakiona.

"Kwani unahama?"

"Wakinifunga nitahitaji," nikamwambia.

Hakucheka, na hapo nikajua hata yeye alikuwa ameliwaza.

Gari lake lilikuja saa nne. Mama Greta alishuka polepole, amekonda, ana mkongojo, mguu wa kushoto umevalishwa soksi nene ya kubana. Hakukuwa na polisi, kulikuwa na dereva tu anayetia petroli.

"Daktari ameniamuru nitembee kila baada ya saa moja," akasema. "Tembea nami, Bi Mkamburi."

Akanishika mkono, tukatembea. Tulikizunguka kile kituo cha petroli, kati ya malori na mapipa, mara ya kwanza, mara ya pili, kama watu wanaozunguka bustani. Nilihesabu kila hatua yake. Nilisikiliza pumzi zake. Mzunguko wa pili akasema bila kunitazama, "Nilikusikia ulipomwambia daktari."

"Nilikuwa nimemdanganya kwanza, Mama."

"Hilo pia nilisikia."

Tukafika garini. Akaketi mlangoni kwa ubavu, akaivua ile soksi akaiviringisha mpaka kwenye kifundo, akanyoosha miguu yote miwili mbele yangu, pale pale mbele ya watu wa petroli.

"Safari ya Nairobi ni ndefu," akasema. "Pima."

Mkono wangu ulikataa kuinuka.

"Naogopa, Mama."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja kwako."

Nikapiga magoti kwenye lami yenye mafuta, na gauni langu la kanisani. Nikaweka mgongo wa mkono. Wa kulia. Wa kushoto. Nikasema Baba Yetu moja, nikarudia. Wa kulia. Wa kushoto. Sawa. Dereva wake alikuwa ameshawasha gari na Otieno ananiita jina, lakini mimi nilikuwa nimemsukuma yule mama mara tatu, kwa hiyo nikapima mara ya tatu.

Sawasawa.

Haya, wasichana. Sasa telekeni maji.